Redio koli za bei nafuu: BF-888S, UV-5R au UV-K5?

Ukitafuta redio koli ya mkononi ya bei nafuu, hutakwepa majina matatu: Baofeng BF-888S, Baofeng UV-5R na Quansheng UV-K5. Zote zinafaa, kila moja kwa kazi yake, na zote hunadiwa kwa maneno makubwa ya wati na kilomita. Maneno hayo yaweke kando kwanza. Kusikika kwako kunategemea mahali uliposimama, antena uliyofunga na ubora wa sehemu ya kupokea. Wati zinafuata mbali nyuma.

Hesabu yake ni fupi. Mawimbi ya VHF na UHF, bendi mbili ambazo redio hizi hutumia, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Watu wawili walioshika redio kwenye kimo cha mita 1.7, ardhi ikiwa tambarare na wazi kabisa, mwisho wao ni kama kilomita 10. Penye majengo na miti umbali huo hushuka hadi kilomita moja au mbili, na ndani ya jengo la zege zihesabu ghorofa badala ya kilomita. Kutoka wati 4 hadi wati 8 unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ongezeko la nguvu). Sikio la anayekusikiliza litatambua tofauti hiyo pale tu mawasiliano yanapokuwa yamebakia uzi, ila betri yako itaigharamia kila unapobonyeza kitufe. Kupanda ghorofa mbili, au kusogea dirishani, kunaleta faida kubwa zaidi bila gharama yoyote.

BF-888S ndiyo redio ya kikundi: walinzi, wasimamizi wa sherehe, mafundi wa jengo moja. Haina skrini wala vitufe vya namba. Juu ina kitufe cha kuzungusha cha sauti na kingine cha chaneli 16, ubavuni ina kitufe cha kuzungumzia, na sauti hukutajia namba ya chaneli unapozungusha. Asiyewahi kushika redio ataielewa ndani ya dakika moja, na hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa sababu hakuna kitufe cha kubonyezwa kwa bahati mbaya kikahamisha masafa, yaani namba ya MHz mnayozungumzia. Inafanya kazi UHF pekee, 400 hadi 470 MHz, kwa betri ya volti 3.7 na 1500 mAh.

Kasoro yake kubwa inatoka nayo kiwandani: chaneli zake zimeshajazwa masafa. Maelfu ya watu wanazitumia zilivyo, kwa hiyo unasikia walinzi wa jengo la jirani nao wanakusikia, na katika nchi nyingi masafa hayo ni ya watu wengine wenye leseni. Kwa kuwa haina vitufe vya namba, njia pekee ya kuyabadilisha ni kompyuta. Jambo jingine linalosumbua ni chaneli ya 16: kama usakaji umewashwa kwenye programu ya kompyuta, kitufe cha chaneli kikifika hapo redio huanza kupekua chaneli zote, na mtumiaji huirudisha dukani akidhani imeharibika. Zima usakaji kabla ya kugawa redio kwa watu.

UV-5R iko sokoni tangu 2012 na bado inauzwa sana. Ina VHF na UHF, kumbukumbu 128, skrini, vitufe vya namba na betri ya volti 7.4. Vifaa vyake vya ziada vinapatikana kirahisi kuliko vya redio nyingine yoyote ya kundi hili, na hilo si jambo dogo betri ya kwanza inapochoka. Skrini inaonyesha masafa mawili, lakini kipokezi ni kimoja kinachorukaruka baina yake. Neno la kwanza la mwenzako linaweza kupotea wakati kinaruka. Kwa kazi ya chaneli moja, izime huduma hiyo kwenye menyu ya 7, TDR.

Udhaifu wake uko kwenye kupokea. Kipokezi kizima kimo ndani ya chipu moja na kina vichujio hafifu, kwa hiyo karibu na mnara wa redio au wa simu huzibwa: ishara dhaifu hazisikiki kabisa, hata kama mwenzako yuko mtaa wa pili. Kufunga antena ndefu hapo kunaongeza tatizo, maana kunaingiza zaidi kile kile kinachoziba. Kwenye kurusha pia, vipimo vya ARRL, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani, vilikuta nakala nyingi za Baofeng zikitoa mawimbi ya pembeni kupita kiwango kinachoruhusiwa. Nakala hutofautiana; moja ni safi, nyingine siyo, na kwa macho huwezi kuzitenganisha.

Kuhifadhi chaneli ndani ya UV-5R bila kompyuta kunawashinda wengi, ingawa hatua ni chache. Bonyeza kitufe cha VFO/MR hadi uwe upande wa masafa, chagua mstari wa juu kwa A/B, kisha andika tarakimu zote sita za masafa. Kama kikundi chako kinatumia toni, yaani mlio wa chini unaorushwa pamoja na sauti ili kufungua spika za wenzako, iweke kwenye menyu ya 13, T-CTCS. Halafu nenda menyu ya 27, MEM-CH, uchague namba tupu: yenye herufi CH mbele yake imeshajaa, isiyo nazo iko wazi. Thibitisha kwa MENU, toka kwa EXIT, rudi upande wa kumbukumbu uikague. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha # kwa sekunde mbili kufunga vitufe. Redio ya menyu isiyofungwa ikiingia mfukoni inatoka na masafa mengine.

Toni inaeleweka vibaya mara nyingi. Haifichi mazungumzo, inaamua tu lini spika yako ifunguke, na yeyote asiyeweka toni kwenye kupokea anakusikia wazi. Redio mbili zikiwa kwenye masafa yaleyale na bado moja haisikii, angalia kwanza menyu ya 11, R-CTCS, na ya 10, R-DCS. Ziweke OFF zote mbili ujaribu tena. Mara nyingi shida inaishia hapo.

UV-K5, iliyotoka 2023, ndiyo ningemshauri mtu anayenunua redio moja ya kujifunzia na kusikilizia. Ina kumbukumbu 200, betri ya 1600 mAh, inasikia hata bendi ya ndege, na inachajiwa kwa tundu la USB-C lililo mwilini mwake, kwa hiyo chaja ya simu au betri ya akiba inatosha ukiwa safarini. Angalizo: tundu hilo ni la chaji tu. Kuiprogramu bado kunahitaji waya wa pini mbili wa aina ya Kenwood, uleule wa Baofeng. Wapenzi wa redio wameiandikia programu-endeshi mbadala nyingi, na hiyo ni raha kwa anayejua anachofanya. Kwa kikundi cha kazi iache ilivyo, la sivyo kila redio itakuwa na tabia yake. Nayo isiloane, kifuniko cha mpira ubavuni hakizuii mvua.

Pesa ikibaki, usiitumie kwenye wati. Kwa VHF, waya wa kawaida unaoning'inia unasaidia sana, kwa sababu antena fupi ya mpira inakosa nusu yake ya pili. Gawanya 7,125 kwa masafa yako ya MHz na jibu ni urefu kwa sentimita: kwa 146 MHz ni kama 49, kwa 446 MHz ni 16. Fungua antena, pinda ncha ya waya iwe pete, ipitishe kwenye nyuzi za nje za kiungio, kisha kaza antena juu yake na uache waya uning'inie chini. Pete isiguse pini ya katikati. Na usibonyeze kitufe cha kuzungumzia antena ikiwa imetolewa. Nguvu isiyo na pa kwenda hurudi kwenye transista ya mwisho, na ikiungua ukarabati unazidi bei ya redio.

Zikifika, zijaribu mbilimbili kabla dhamana haijapita. Simameni mita kadhaa mbali, kwa sababu zikigusana kila moja inamziba mwenzake na matokeo hayana maana. Bonyeza, subiri nusu sekunde, sema mdomo ukiwa sentimita tano toka kwenye maiki. Tikisa antena na betri wakati wa kupokea. Mkwaruzo unaokuja na kuondoka ni kiungio kilicholegea.

Upande wa sheria, usidanganywe na lebo. Bendi ya PMR446 ya Ulaya, 446.0 hadi 446.2 MHz, haihitaji leseni, lakini inataka redio ya wati 0.5 yenye antena isiyoweza kufunguliwa. Kuiweka UV-5R kwenye masafa hayo hakuifanyi iwe halali, hata ukiipunguza nguvu.

Mwisho wa manunuzi ni waya wa kuprogramu. Wa bei ya chini kabisa mara nyingi una chipu inayoiga ile ya kampuni ya Prolific, na Windows huikataa. Wenye chipu ya kampuni ya FTDI unakuokolea siku nzima. Kwenye CHIRP, programu ya bure ya kompyuta ya kuprogramu redio, anza kwa kupakua yaliyomo kwenye redio yako na kuyahifadhi kwenye faili kabla ya kugusa chochote, kisha rekebisha nakala ndipo urudishe. Kompyuta ikisema redio haijibu, sukuma plagi kwa nguvu: kwa Baofeng mara nyingi inabaki milimita moja nje, na unapofika mwisho utasikia inadaka.