Hifadhi huria ya ripoti za IODP: tathmini ya mwalimu wa Pemba

Kwa mwalimu wa jiografia anayefundisha Chake Chake bila maabara ya kuchunguza mashapo (matope na mchanga uliotuama) ya bahari kuu, huduma hii ni miongoni mwa chache zinazomfikisha mtu kwenye ushahidi wenyewe badala ya kumwachia muhtasari wa kitabu. Nazungumzia ripoti, majedwali na picha za uchimbaji wa sakafu ya bahari zilizotolewa na mpango wa kimataifa unaojulikana kwa kifupi kama IODP, ambazo husomwa na kupakuliwa kwenye intaneti bila malipo na bila kujisajili. Mpango wenyewe ulifikia ukomo wake mwaka 2024, lakini ripoti zimebaki wazi kwa kila mtu.

Nimeitumia hasa kufuatilia swali moja: udongo wa mfinyanzi una nafasi gani katika mitetemeko mikubwa inayotokea pale bamba moja la dunia linapozama chini ya jingine? Ripoti iliyonifaa zaidi ni ya Handaki la Japani, yaani bonde refu lenye kina kikubwa katika sakafu ya bahari, mahali bamba linapozama. Katika tetemeko la tarehe 11 Machi 2011, ufa uliopo kati ya mabamba uliteleza kwa takriban mita 50 karibu na handaki, na mwaka uliofuata meli ya Chikyu ilikwenda kuuchimba mahali ambapo kina cha maji ni karibu mita 6,900. Mita 820 hivi chini ya sakafu ya bahari, wachimbaji waliufikia ufa huo, ambao unene wake hauzidi mita 5. Kilichopandishwa melini kutoka ndani yake ni kipande cha urefu wa mita moja tu, na picha yake imo katika ripoti: udongo wa rangi ya kahawia, uliosagwa na kukatikakatika kuwa magamba membamba yenye nyuso zinazong'aa kwa kusuguana. Sijaona mchoro wa kitabu unaoeleza mpaka wa mabamba kwa uwazi wa picha hiyo.

Zaidi ya robo tatu ya udongo huo ni smektaiti, madini ambayo tabaka zake nyembamba hupokea maji katikati yake. Mkulima wa mpunga katika mabonde yetu anaijua tabia ya udongo wa namna hiyo, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ikilowa, smektaiti huteleza kwa msuguano mdogo sana. Ikizama zaidi na kupata joto la kati ya nyuzi 60 na 150 za Selsiasi, hugeuka polepole kuwa ilaiti, madini mengine ya udongo, na kuyaachia maji yake, na maji hayo yakikosa njia ya kutokea huongeza shinikizo ndani ya mashapo.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni sura ya mbinu za upimaji, ambayo wasomaji wengi huiruka. Humo inaelezwa jinsi chembe ndogo kuliko mikroni 2 (elfu mbili za milimita) zinavyotenganishwa, zikatandazwa juu ya kioo na kupigwa eksirei. Katika grafu inayopatikana, ilaiti hutoa kilele chake kwenye nanomita 1.0, kipimo cha umbali kati ya tabaka zake, ilhali kaolinaiti na kloraiti, madini mengine mawili ya udongo, hukutana kwenye 0.7, jambo linalofanya kuzitofautisha kuwe kazi ya uangalifu. Smektaiti hujifichua inapolowekwa kwa glaikoli, kimiminika kinachoingia kati ya tabaka zake, kwani kilele chake husogea hadi 1.7. Anayesoma majedwali na azingatie pia kwamba asilimia ya smektaiti ndani ya chembe za udongo pekee si sawa na asilimia yake katika mashapo yote; kuzichanganya mbili hizi ni kupotosha hesabu nzima, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kichwa cha kila safu kisomwe kwanza.

Kwetu sisi wa Bahari ya Hindi, ripoti ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia, ina uzito wa pekee, kwa sababu mawimbi ya tsunami yaliyosababishwa na tetemeko la huko la tarehe 26 Desemba 2004 yalifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2016 meli ya JOIDES Resolution ilichimba mashapo yaliyosombwa kutoka Himalaya, kabla hayajafika kwenye handaki la huko. Watafiti walihitimisha kwamba mashapo hayo ni manene kiasi kwamba yale ya chini hupata joto mapema, na maji yaliyofungwa ndani ya madini hutoka kabla ya kuzama, hivyo mashapo hukaza na kuweza kubeba mtetemo hadi karibu na sakafu ya bahari. Japani udongo laini, Sumatra mashapo yaliyokaza, na kote mteleko ukafika juu: kulinganisha ripoti hizi mbili kunamfunza mwanafunzi kutokukimbilia jibu moja.

Upungufu upo. Ripoti zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanafani, hazina utangulizi kwa anayeanza, na baadhi ya mafaili ni mazito kwa simu. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne pekee yake siipendekezi. Kwa mwalimu, na kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita wakiongozwa, naipendekeza bila kusita. Aanzaye na aanze na safari namba 343 ya Handaki la Japani, apakue sura ya mbinu pamoja na picha za mashapo peke yake, kisha ndipo aende namba 362 ya Sumatra.