Ukiishi Pwani, Nunua Mashine ya Nje Kwanza

Jumbe zenu zimenijaa, na kilio ni kilekile. "Dada, AC hata haijazeeka, fundi anakuja kila baada ya miezi michache kujaza gesi, na baridi lenyewe la kubembeleza." Mmoja yuko Kigamboni, mwingine Mbezi Beach, mwingine Nyali kule Mombasa. Wote niliwaomba kitu kimoja tu: nipigie picha mashine ya nje, upande wa mgongoni.

Picha zikaja. Mapezi, yale mabati membamba ya mgongoni, yamegeuka unga mweupe, mengine yameshapukutika na mabomba yamebaki wazi. Breketi zimevimba kutu mpaka boliti haijulikani ilianzia wapi. Kwenye picha moja mashine imeinama upande mmoja, na chini yake ndipo familia inapoanika nguo.

Kwa hiyo leo habari za BTU, kile kipimo cha nguvu ya kupoza, sizigusi. Muuzaji yeyote atakupigia hesabu ya chumba chako kabla hujamaliza kumsalimia. Wala sitasema neno kuhusu rimoti, Wi-Fi na ile taa ya kuonyesha nyuzijoto. Nataka tuongee kuhusu lile boksi linaloning'inia ukutani ambalo hakuna anayelitazama mpaka siku limekufa, na chumvi inayolila.

Chumvi inavyofanya kazi yake

Kazi ya mashine ya nje ni kutupa joto lililotolewa chumbani. Ndani yake kuna bomba za shaba zilizopitishwa katikati ya mapezi membamba ya aluminiamu, halafu feni inavuta hewa kutoka mgongoni na kuitupa mbele. Shaba na aluminiamu zikigusana pakavu hakuna neno. Ukiweka unyevu wenye chumvi katikati yao, aluminiamu ndiyo inayolika. Sisi wa pwani unyevu huo tunao bure, na kusi ikianza kuvuma kutoka baharini ndiyo basi tena, kwa sababu feni inauvuta ndani kila dakika inayozunguka.

Mapezi yakilika, joto halina pa kutokea. Presha ya gesi inapanda, kompresa, ile pampu inayoizungusha gesi, inalazimika kusukuma zaidi, na umeme unakwenda. Mashine ya BTU 12,000 ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta karibu kilowati moja, yaani uniti moja kwa saa. Kwa tarifa ya kawaida ya TANESCO, shirika letu la umeme, shilingi elfu kumi inakupa uniti 28 hivi, na hapo hawajakata kodi ya jengo. AC ya inveta yenye mapezi mazima ikishapoza chumba inashusha mwendo. Iliyolika haifiki pa kushusha. Inakimbia usiku kucha, asubuhi mita ya LUKU inalia, na wewe unamgombeza dada wa kazi kwa kupiga pasi. Mwisho kompresa inaungua na kila mtu anasema umeme wa kukatika-katika ndio umeiua. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kabla hujailaumu TANESCO, zunguka kwanza ukautazame mgongo.

Ukifika dukani

Waache wakuonyeshe ile ya ndani inavyong'aa. Wewe omba boksi la nje lifunguliwe, washa tochi ya simu, mulika kupitia wavu wa mgongoni. Ukiona mapezi ya rangi ya fedha tupu, hayana utando wowote. Hayo ni ya Dodoma, si ya Msasani. Ukiona bluu au dhahabu, kuna utando juu yake.

Usishangilie haraka. Rangi peke yake haithibitishi kitu. Utando wa bluu kwenye mashine nyingi umewekwa hasa ili maji yateleze yasigande kwenye mapezi. Kupambana na chumvi ni faida ya pembeni. Uliza karatasi ya kiwanda inasemaje kuhusu kipimo cha kunyunyiziwa chumvi, kile cha ISO 9227, na ni kwa saa ngapi. Muuzaji akikutolea macho, mwambie akupe jina kamili la modeli ukatafute mwenyewe. Ninasema modeli, si chapa, maana chapa ileile inaweza kuwa na modeli yenye mapezi yaliyotibiwa na nyingine ya mapezi matupu, na dukani zimepangwa ubavu kwa ubavu.

Kisha soma waranti. Wanaandika "miaka 10" kwa herufi za kuonekana ukiwa ng'ambo ya barabara, na hiyo ni ya kompresa. Koili, yaani zile bomba na mapezi yake, pamoja na kutu viko kwenye maandishi madogo, mara nyingi vimetajwa pale kwenye orodha ya vitu wasivyohusika navyo. Yaani wamekuhakikishia kile kinachokufa mwisho na kukuachia kile kinachokufa kwanza.

Orodha yangu, na upendeleo wangu sifichi

Namba moja ni Daikin ya inveta, ya gesi ya R32. Mimi ni mtu wa Daikin na mnajua. Kampuni hii ya Osaka ipo tangu 1924, inatengeneza viyoyozi na gesi yake yenyewe, na ndiyo iliyotangulia kuleta AC za nyumbani za R32 mwaka 2012. Kwa hiyo ninapouliza swali la gesi na koili ninahisi ninamuuliza aliyepika, si aliyepakua. Kwa mama mkubwa Upanga iko moja ambayo wajukuu wameikuta. Wavu umepauka, breketi imeshabadilishwa, mapezi bado unaweza kuyahesabu. Bei yake inauma, hilo sibishi. Inauma mara moja.

Namba mbili, LG ya Dual Inverter yenye mapezi ya dhahabu. Nzuri, kimya, na jina lenyewe linajieleza. Ile miaka 10 ya kompresa ndiyo inayowavuta wengi, nami nimeshasema nafasi yake. Hakikisha modeli unayobebewa kutoka stoo ndiyo uliyomulika kwenye maonyesho.

Namba tatu ninawaweka pamoja Gree na Midea, kwa sababu uamuzi wake ni uleule: mulika kwanza. Zikiwa na mapezi yaliyotibiwa, ni mashine za heshima kwa bei ya mtu wa mshahara, na mafundi wengi wamezizoea. Kama unakaa mbali na bahari, Kibaha au Goba huko juu, sioni haja ya kujikamua kwa Daikin. Chukua hizi na ile tofauti ya bei peleka kwenye ufungaji.

Zile za majina ambayo jana hayakuwepo, nunua kama unahama mwakani. Na mitumba yenye gesi ya R22, hapana. Gesi hiyo inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal, ule mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na kwa nchi zetu ukomo ni 2030. Unanunua mashine ambayo chakula chake kinafungiwa.

"Ufungaji bure"

Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Hakuna cha bure. Ukisikia "ufungaji bure" elewa kwamba gharama imeshafichwa kwenye mabomba na breketi.

Breketi ya bure ni chuma kilichopakwa rangi tu. Ikishachunwa kidogo wakati wa kukaza boliti, chumvi imepata mlango. Dai iliyochovywa zinki, au ukiweza ya chuma cha pua, na boliti zake ziwe za aina hiyohiyo. Watu wananunua breketi nzuri halafu fundi anaikaza kwa boliti za kawaida alizookota kwenye begi lake, na boliti ndizo zinazobeba kilo zote zile.

Mabomba nayo. Kuna ya aluminiamu yanayopita kimyakimya chini ya sponji nyeusi, nani ataona? Mwambie fundi akate kipande mbele yako, ukwangue kwa ufunguo. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Tazama na unene wa ukuta wake: kwa gesi za R410A na R32, ambazo presha yake ni kubwa kuliko ya R22 ya zamani, bomba ndogo zinatakiwa ziwe na milimita 0.8. Bomba laini unaloweza kulibonyeza kwa vidole kama mrija wa soda, mrudishie.

Halafu pampu. Kabla gesi haijaachiwa, mabomba yanatakiwa yavutwe hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu, na geji iachwe itulie kidogo ionekane kama inapanda. Kuna mafundi wanaachia gesi kidogo ya mashine yenyewe "isukume hewa", pssss, wanakaza nati, wameondoka. Unyevu umebaki ndani na gesi imepungua siku ya kwanza. Fundi asiye na pampu asipande ngazi. Anayevuta sigara pia asubiri ashuke, maana R32 inawaka kwa shida lakini inawaka.

Kuhusu hilo la kujaza gesi kila mara: gesi haitumiki ikaisha. Inazunguka humohumo mpaka mashine inazeeka. Ikipungua imevuja, na mara nyingi inavujia pale kwenye nati, ambapo ncha ya bomba ilitanuliwa vibaya au ilikazwa kwa hasira. Utaona alama ya mafuta. Fundi mkweli atapaka povu la sabuni atafute tundu kabla hajafungua mtungi. Anayefungua mtungi kwanza anataka kukuona tena.

Mahali pa kuifunga

Ukuta unaotazama bahari ni wa kupiga picha, si wa kufungia AC. Ipeleke upande wa pili wa nyumba, nyumba yenyewe iwe ngao. Najua kwa Dar upande huo ndio wenye jua la mchana, na fundi atakwambia jua linaipa mashine tabu. Kweli, lakini jua unaweza kulipunguza kwa kipande cha bati juu. Chumvi huwezi.

Acha nafasi mgongoni kama kitabu cha maelekezo kinavyosema, na mbele pawe wazi kabisa. Wizi upo, mabomba ya shaba yana soko, sikulaumu ukijenga kizimba. Ila kiwe cha nondo zenye nafasi. Nimeona watu wamezungushia matofali ya urembo, mashine inavuta joto ileile iliyotoka kulitema.

Na tafadhali, si juu ya chemba ya maji machafu. Hewa ile inayonuka mayai viza inakula shaba, na hapo hata Daikin yangu sitaitetea.

Sasa nisemee bei

Kwa nini bei iko DM? Umeweka picha ya mashine, umeweka namba ya simu, umeweka na kibao cha muziki, bei "njoo inbox". Ukienda wanakuuliza unakaa wapi. Ukisema Masaki ni bei moja, ukisema Mbagala ni nyingine. Mimi siku hizi nakaa Mbagala kwa kila muuzaji.

Na ile ya "mama, na risiti au bila risiti?" VAT ni asilimia 18, kwa hiyo ninaelewa kishawishi. Lakini bila risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, waranti yako ni karatasi ya kufungia karanga. Muuzaji mmoja, jina namhifadhi, aliniandikia risiti ya mkono, na nilipodai ya mashine akaniambia mtandao uko chini. Ulikuwa chini kwake peke yake. Duka la jirani mashine inatema karatasi mwanzo mwisho. Nilikaa kwenye stuli yake mpaka mtandao ukapanda.

Wengine mmeuliza: imeshafungwa inatazama bahari, hela ya kuhamisha sina, nifanyeje? Zima kwenye breka, chukua mpira wa maji wenye nguvu ya kawaida, osha mapezi mara moja kwa mwezi, na kipindi cha kusi osha mara mbili. Si mashine ya kuoshea magari. Ile inalaza mapezi yote kama nyasi na hewa haipiti tena. Na muhimu kuliko yote, tumia maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua. Kigamboni na Mbezi wengi mna visima vya maji ya chumvi, na ndiyo hayohayo mnayooshea AC iliyoharibiwa na chumvi. Kama ya bomba hayatoki wiki hiyo, ndoo moja ya maji ya mvua kwa jagi inatosha mgongo mzima.