Kikaango cheusi cha Kibuye: kwa kuku na mkate wa mahindi sina neno, kwa sukuma hapana

Nilikinunua soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku ya Jumapili, kwa wauza vyombo vya mitumba, shilingi 1,800 baada ya kuvutana na kijana aliyeanzia 3,000. Ni kile cha chuma kizito, upana inchi 10, mpini na mwili kitu kimoja. "Mama, hiki hakifi," akaniambia, "wajukuu watakigombania." Kilikuwa na kutu chini, lakini kutu si hoja. Unakisugua kwa waya wa masufuria, unakikausha, unakipaka mafuta kidogo mno, kisha unakiacha motoni hadi moshi uishe. Rudia hivyo mpaka kiwe cheusi cha kung'aa. Ukipaka mafuta mengi utabaki na gundi.

Aliyenitia hamu ni binamu yangu anayeishi Atlanta. Alipokuja Desemba alishikilia kwamba chakula cha huko kinapikika hapa mtaani kwetu Migosi bila kuagiza chochote. Alikuwa karibu na ukweli. Soul food ya Wamarekani Weusi, jina lililoshika miaka ya 1960, hutumia vitu vilivyojaa kwa mama mboga wetu: bamia, unga wa mahindi, kunde zenye jicho jeusi, na majani mapana ambayo ni ndugu wa sukuma. Kunde na bamia ni za Afrika toka jadi; zilivuka bahari enzi za utumwa. Kilichotukosa ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ambayo wao huitia kwenye mboga. Tukaweka kipande cha samaki mbuta (sangara) wa moshi, na mimi sikuona pengo.

Sasa mkate wa mahindi, maana hapo ndipo pesa yangu iliporudi. Chukua unga wa posho, uliosagwa mashineni na wenye chengachenga. Ule laini wa pakiti hutoa kitu kama keki iliyolala. Vikombe viwili, kijiko kikubwa cha beking pauda, chumvi, mayai mawili, na mala (maziwa yaliyoganda) kiasi cha kufanya rojo zito. Sukari huko Kusini mwa Marekani ni ugomvi wa familia kwa familia, mimi siweki. Kikaango kipate moto kwanza, na siagi ndani yake. Unapomwaga rojo lazima lilie chwaaa na ukingo uanze kushika papo hapo. Lisipolia, subiri, moto bado.

Sina ovena. Naweka makaa machache chini, mfuniko wa bati, na makaa mengi juu yake, kama tunavyooka keki za jikoni siku zote. Baada ya kama dakika 25 nachoma kisu, kikitoka kikavu napindua kwenye sinia. Chini unakuta gamba la kahawia linalovunjika kwa sauti, na ndani pana unyevu. Sufuria ya alumini haijawahi kunipa gamba hilo.

Kuku pia hutoka vizuri. Alale ndani ya mala yenye chumvi, kitunguu saumu na pilipili ya unga, asubuhi agaragazwe kwenye unga wa ngano, mafuta yafike nusu ya kipande. Kikaango hakipoi ukitia nyama baridi, kwa hiyo ngozi hukauka badala ya kunywa mafuta. Ila awe broila. Jogoo wa kienyeji mchemshe kwanza, au mtakula saa nne usiku.

Lawama ninazo. Chuma hupitisha moto polepole kuliko alumini, kwa hiyo ukikikurupusha kwa gesi kubwa katikati panaungua na pembeni bado baridi. Moto mdogo, dakika kumi, na mtungi wa kilo 6 unausikia ukipungua. Mpini unaunguza, usiuguse bila kitambaa. Ukikiacha na maji usiku kucha, asubuhi kina kutu. Na ni kizito: mama yangu hakiinui kwa mkono mmoja.

Halafu sukuma. Hiyo ipike kwenye sufuria yako ya kawaida. Wamarekani huchemsha majani yao taratibu, hata saa nzima, na mwisho hunyunyiza siki; siki na nyanya hula ule utando mweusi uliouhangaikia na kuacha ladha ya chuma mdomoni. (Anayecheka kupika mboga saa nzima amuulize dani, bibi wa Kijaluo, anavyopika osuga, yaani mnavu, ya maziwa.) Mchuzi unaobaki usimwage. Chovya mkate humo.

Nakipa nyota nne. Ukienda kununua, kigonge kwa kidole uisikie sauti: kikilia wazi ni kizima, kikitoa sauti butu kina ufa, mrudishie mwenyewe. Na kama unachotaka ni cha kukaangia yai haraka kabla ya kupanda matatu, nunua chepesi.