Kabla ya kununua pampu ya petroli Kisekka: kipi kwanza, kipi mwisho

Toyota Premio, Carina, Ipsum na Noah za miaka ya 1990 bado ziko nyingi barabarani Uganda. Tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza gari lililofikisha miaka 15, nyingine za umri huo haziji tena, kwa hiyo tulizo nazo inabidi tuzitunze. Nyingi zinatumia injekta, yaani vinyunyizio vinavyopuliza petroli kwa presha, si kabureta. Zikianza kukohoa mlimani au kugoma kuwaka asubuhi, gereji nyingi zina jibu moja tu: badilisha pampu. Mwenye gari anashuka Kisekka, soko la vipuri Kampala, analipa, pampu inafungwa, na kesho yake gari linakohoa vilevile. Inaniuma kila ninapoona hivyo, kwa sababu mara nyingi pampu iliyotupwa ilikuwa nzima.

Ndiyo maana ninachoweka namba moja si pampu. Ni geji ya presha ya petroli, pamoja na viungio vyake. Usipotaka kuinunua, tafuta fundi aliye nayo umlipe kazi ya kupima. Fundi anayekuambia pampu imekufa bila kupima presha anabahatisha kwa pesa yako.

Geji inasema mengi. Kwenye injini nyingi za Toyota za wakati ule, kama 5A-FE na 3S-FE, presha ikipimwa huku mpira wa vakyumu (mrija unaovuta hewa kutoka kwenye injini) umechomolewa kwenye regyuleta, yaani kidhibiti cha presha ya petroli, inatakiwa iwe kati ya psi (kipimo cha presha) 38 na 44. Ukiurudisha mpira, injini ikiwa inanguruma taratibu, inashuka hadi 31 mpaka 37. Zima injini usubiri dakika 5: isishuke chini ya psi 21. Ikiporomoka haraka, umepata sababu ya gari kuchelewa kuwaka, na hapo wahusika ni vali ndogo iliyo ndani ya pampu, regyuleta, au injekta inayovuja. Gari lisilo na bomba la kurudisha petroli kwenye tangi lina namba zake, kwa kawaida psi 44 hadi 50, basi ujue kwanza lako ni la aina gani.

Presha ikiwa ndogo, chomoa ule mpira wa vakyumu wa regyuleta uunuse. Ukiwa na petroli ndani, utando wa regyuleta umepasuka, na pampu haina kosa. Ukiwa mkavu, geukia umeme. Pima volti kwenye plagi ya pampu wakati pampu inafanya kazi. Zikiwa chini ya zile za betri kwa volti moja au zaidi, tafuta waya uliooza, relei (swichi ya umeme) iliyoungua au ethi (waya unaounga umeme na bodi ya gari) yenye kutu. Pampu mpya ikifungwa kwenye umeme dhaifu itakuwa dhaifu pia.

Namba mbili ni filta. Bei yake ni ndogo kuliko ya pampu, na dalili za filta iliyoziba zinafanana mno na za pampu iliyochoka: gari likisimama presha ni nzuri, ukilipandisha kilima cha Kololo ukiwa na abiria linakosa nguvu. Toyota nyingi za miaka hiyo filta yake ya chuma iko upande wa injini, imefungwa kwa bolti zenye washa (pete bapa) za shaba. Nunua na washa mpya za shaba. Za zamani zikirudishwa huvuja, na petroli inayovuja juu ya injini ya moto ni hatari kubwa.

Geji ikishathibitisha kwamba pampu ndiyo mbovu, chaguo langu la kwanza ni mota mpya ya kampuni inayojulikana, kama Denso, Aisan au Bosch, ifungwe ndani ya kikapu (fremu inayoshika pampu ndani ya tangi) kile kile cha zamani. Huna haja ya kununua kikapu kizima kama chako hakijapasuka. Nenda na pampu ya zamani mkononi, ulinganishe unene, urefu, plagi na mdomo wa kutolea. Soma namba iliyochapwa kwenye mwili wa pampu, si ile ya kwenye boksi, maana boksi mtu yeyote anaweza kulichapisha. Hapo hapo nunua na kile kichujio kidogo cha chini, kile laini kama soksi. Kufunga pampu mpya juu ya kichujio kilichojaa matope ya tangi ni kuiua mapema.

Inayofuata ni pampu ya mtumba kutoka Japani, ikiwa na kikapu chake. Hii naiheshimu. Nyingi ni orijino kabisa, na kwa mtu ambaye bajeti yake ni finyu zinashinda mpya zisizo na jina. Tatizo ni namna zinavyouzwa: muuzaji anaigusisha kwenye betri, inalia, anasema, "Umesikia bosi, hii ni nzima." Mlio hauonyeshi presha. Patana naye mapema kwamba geji ikiikataa utairudisha, na aandike hivyo kwenye risiti. Asiyekubali, hamia duka la pili.

Mpya zisizo na jina naziweka chini ya mtumba. Baadhi hudumu, lakini dukani huwezi kujua ipi itadumu na ipi itakuacha katikati ya msitu wa Mabira usiku.

Mwisho kabisa ni pampu ya nje, inayofungwa chini ya gari baada ya kukata mpira wa petroli. Zile za kabureta hutoa psi chache tu, injekta haziwezi kufanya kazi nazo. Hata ikiwa ya presha kubwa, mipira ya kawaida na klipu za ovyo zinazotumika hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mpira uwe ule wa magari ya injekta, na ule unaokaa ndani ya tangi uwe wa aina inayovumilia kuzamishwa kwenye petroli. Hata wa injekta wa kawaida ukizamishwa, hulainika na kupasuka.

Ukishafunga, usizoee kuendesha kila siku huku taa ya kuonya mafuta yanaisha inawaka. Petroli ndiyo inayoipoza mota. Kwenye foleni ya Jinja Road na tangi tupu, pampu inachemka. Na siku ya kazi yenyewe toa presha kwanza, chomoa betri, mtu asivute sigara karibu. Kabla ya kurudisha kiti cha nyuma kilichotolewa ili kufikia pampu, washa gari, uangalie kila kiungio kwa tochi. Kikiwa na unyevu hata kidogo, zima ukaze upya.