Dawa ya mbu ipi ununue? Piga hesabu ya usiku mmoja

Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, hunikopesha, na mwisho wa mwezi hunisomea daftari. Siku moja wakati wa masika alisoma hivi: "Dawa ya mbu, sukari, dawa ya mbu, kiberiti, dawa ya mbu..." Nikamwambia asimame, tujumlishe. Pakiti sita za dawa ya kuchoma, ile ya mduara wengine wanayoiita koili, kila moja 1,500. Jumla 9,000. Si hela ya kumliza mtu, mpaka uizidishe kwa miezi 12: 108,000. Na muda wote huo chandarua alichopewa mke wangu kliniki kilikuwa juu ya kabati, bado kwenye mfuko wake, kwa sababu "kina joto".

Tangu hapo sinunui dawa ya mbu kwa kuangalia bei ya dukani. Nachukua bei, nagawanya kwa usiku ambao kitu kitanifaa, halafu nagawanya tena kwa vichwa vinavyolindwa. Bei ninazotumia hapa ni za makadirio, za huku Dar. Weka za kwenu, mpangilio hautageuka sana.

Kabla ya kutoa hela, ujue unapigana na nani. Anofelesi, mbu wa malaria, huuma zaidi usiku watu wakiwa wamelala. Kuleksi ndiye wa makaro na mitaro michafu, yule anayekuimbia sikioni, na huku pwani ndiye anayeeneza matende na mabusha. Edesi, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na huleta dengi; Dar iliipata vibaya mwaka 2014 na tena 2019. Mjini wengi wanaotukera ni Kuleksi. Ndiyo maana mtu akiona kelele zimepungua huona dawa inafanya kazi, kumbe Anofelesi mmoja tu aliyebaki anatosha kumlaza mtoto hospitali.

Namba moja: chandarua chenye dawa

Tuseme kimekugharimu 20,000. Kilichotengenezwa kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani kinatakiwa kuhimili kufuliwa mara 20 na kukaa kama miaka mitatu. Hiyo ni shilingi 18 kwa usiku, na mkilala wawili ni shilingi tisa kwa kichwa. Kikichakaa baada ya miaka miwili, maana vingi huchanika mapema, bado ni shilingi 14 kwa kichwa. Kwenye orodha hii ni wavu wa madirisha tu unaokaribia hapo. Isitoshe, mbu akitua juu yake anaweza kufa, kwa hiyo hata jirani asiyekuwa nacho anapata nafuu kidogo.

Kabla hujanunua, uliza kama unastahili cha bure. Tanzania mama mjamzito hupewa anapohudhuria kliniki, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua. Mikoa kadhaa pia hugawa kupitia shule za msingi. Kenya kuna ugawaji wa kaya kwa kaya katika kaunti zenye malaria nyingi, za kanda ya ziwa na za pwani.

Ukinunua, soma pakiti. Vile vya zamani vina aina moja ya dawa, pairethroidi, peke yake, na mbu wa sehemu nyingi za Afrika wameshakuwa sugu kwa dawa hizo. Tafuta chenye maandishi PBO, kiungo kinachouvunja usugu huo, au chenye dawa ya pili iitwayo klorofenapiri. Vya klorofenapiri vilijaribiwa kwetu hapa, wilayani Misungwi, Mwanza. Matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kuwa watoto waliovitumia walipata malaria pungufu kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili, wakilinganishwa na waliolalia vya pairethroidi tupu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Ukivipata, hata kwa elfu tano zaidi, chukua.

Tahadhari ya Kariakoo: vile vyandarua vya mduara vyenye lesi na maua, vinavyoning'inia mlangoni mwa maduka, vingi havina dawa kabisa. Ni pambo zuri la chumba cha bibi harusi. Mkono ukiegemea wavu, mbu anauma kupitia tundu.

Kitanda cha futi tano kwa sita kinataka chandarua cha sita kwa sita, ili pindo liingie chini ya godoro. Kipya kianike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia. Kufua, sabuni ya kipande na maji ya kawaida. Jiki na jua kali vinaua dawa haraka kuliko miaka. Tundu likitokea, sindano na uzi. Changu kina mishono saba sasa, ya rangi tatu tofauti. Kuhusu joto, weka feni ya mezani karibu kabisa na wavu, upepo unapita.

Namba mbili: wavu wa madirisha

Vyumba viwili, wavu pamoja na ufundi, tuseme 60,000, na ukae miaka mitano. Shilingi 33 kwa usiku kwa nyumba nzima, na huhitaji kukumbuka kitu jioni. Tena huzuia mbu wote watatu, mchana na usiku. Kasoro yake iko juu: kama nyumba haina dari na kuna upenyo kati ya ukuta na bati, Anofelesi atapita hapo huku wewe unasifia madirisha. Mwambie fundi aanze na huo upenyo. Mpangaji, elewana na mwenye nyumba akukate kwenye kodi kabla fundi hajaja, siyo baada. Mimi nilikumbuka baada.

Namba tatu ni kile kidude cha umeme chenye chupa ya dawa ya maji. Chupa ya 7,000 inayodumu usiku 45 ni shilingi 155, na umeme wake ni mdogo. Hakina moshi, kinafaa sebuleni watu wakitazama taarifa ya habari. Chumba kikubwa au kilicho wazi kinakishinda, na umeme ukikatika nacho kinalala.

Dawa ya kupaka naiweka ya nne, ingawa kwa hesabu ni ghali: tyubu ya 8,000 ukiipaka mara 20 ni shilingi 400 kwa mtu mmoja. Naiweka hapo kwa sababu inafanya kazi ambayo chandarua hakiwezi. Mlinzi wa usiku, mama lishe anayefunga saa nne, mvuvi, watu wa barazani, msimu wa dengi: hao hawawezi kutembea na chandarua. Angalia kiwango cha DEET, kiungo chenyewe kinachofukuza mbu. Asilimia 20 hukupa saa kadhaa. Ya asilimia ndogo itakubidi urudie rudie. Mtoto chini ya miezi miwili asipakwe.

Kopo la kupuliza: 6,500, na kwa matumizi ya nyumba nyingi huisha ndani ya wiki tatu. Shilingi 310 kwa usiku. Huua waliomo chumbani wakati huo, wakiwa si sugu. Ukifungua mlango kwenda chooni, wengine wanaingia. Lina faida ukirudi safari ukakuta nyumba imejaa. Funga, puliza, toka, subiri, ingia. Hakikisha lina namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya.

Mwisho kabisa, koili. Inakaribia kuchekesha, kwa sababu ndiyo tunayoinunua zaidi: kipande kimoja kwa chumba ni shilingi 150 kila usiku, zaidi ya mara nane ya chandarua cha watu wawili. Haiui sana, hufukuza, na huzimika watu wakiwa usingizini. Halafu moshi. Watafiti waliopima koili za China na Malaysia mwaka 2003 walikuta koili moja ikitoa vumbi laini sawa na sigara 75 hadi 137. Dawa ya asili ya koili ilikuwa pareto, ua ambalo Kenya iliwahi kuongoza kulizalisha duniani na ambalo nyanda za juu kusini mwa Tanzania bado wanalilima. Siku hizi nyingi zina dawa ya kiwandani iliyoiga pareto. Ichome nje, barazani, basi.

Kuna ununuzi mmoja usioufanya peke yako. Nyumba sita za uani mkichangia dawa ya kuua viluwiluwi, ile ya bakteria inayotengenezwa Kibaha, mtashughulikia madimbwi na shimo la choo ambako Kuleksi wanazaliwa. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe za povu la plastiki kwenye vyoo vya shimo. Zikaelea juu kama blanketi, na viluwiluwi wakakosa hewa. Chembe haziozi, kwa hiyo hukaa miaka.

Usinunue dawa ya shambani iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, hata muuzaji akiapa. Haina lebo, haina kipimo, na mtoto ataiona ni soda. Vidude vya sauti vya kufukuza mbu, pamoja na programu za simu, viache pia: majaribio kumi yaliyokusanywa na kupitiwa mwaka 2007 hayakuona tofauti yoyote ya kuumwa. Raketi ya umeme haizuii ugonjwa wowote, ila wanangu wanaipenda kuliko mpira, na betri wananunua kwa hela yao ya shule.