TAHADHARI: Chaja ya drili niliyouziwa hapa Lamu nusura itufukize na watoto ndani

Ndugu zangu mafundi wa mui, yaani mji wetu, wa Shela, wa Matondoni, na nyinyi mnaovuka kutoka Mokowe kuja kutafuta vifaa, someni haya kabla hamjatoa pesa zenu. Nimetapeliwa. Nimetapeliwa mchana kweupe, nikiwa nimevaa miwani yangu, na mtu niliyempa salamu akaniitikia. Naandika kwa hasira na kwa haya pia, maana mimi si mtoto. Miaka ishirini na miwili naranda mbao katika mji huu.

Drili ni ile ya shemeji, ya kutumia betri. Chaja yake ilikufa siku ile umeme uliporudi kwa kishindo, na wengi wenu mliunguza vitu vyenu pia, kwa hiyo hayo siyarudii. Mimi nilikuwa na kazi Shela, milango minne na madirisha yake, na mwenye nyumba alikuwa anafika Jumamosi. Bila drili sikuwa na la kufanya.

Alhamisi baada ya Alasiri nikashika Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka, betri na chaja iliyokufa zimo ndani ya kikapu. Duka lenyewe silitaji. Mamake yule kijana mwenye duka ni mtu wa heshima, amewafunza wanetu Kurani, na siwezi kumvunjia jina mama wa watu kwa ajili ya mwanawe. Wanaomjua watamjua.

Nilimwonyesha betri. Akaigeuza geuza, akasoma kwa sauti, "Volti kumi na nane." Akapanda ngazi, akatoa sanduku rafu ya juu kabisa, akalipuliza vumbi. "Na hii hapa, ami, kumi na nane. Soma mwenyewe." Nikasoma. Kwenye betri 18, kwenye chaja 18. Nimesoma mara mbili, wallahi. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, na hapo ndipo aliponishika.

Akaitia betri kwenye chaja. Ikaingia nusu, ikakwama. Akaisukuma kwa kiganja, ikagoma. Mimi nilinyoosha mkono niichukue niondoke, yeye akacheka kidogo, akasema, "Hizi za sasa zinakuja na kijino cha ziada tu, plastiki hii, haina kazi." Akachukua kile kisu cha kufungulia maboksi akaanza kukichonga kile kijino. Vipande vidogo vya plastiki vinadondoka juu ya kioo cha kaunta, yeye anavipangusa kwa mkono. Na mimi nimesimama namtazama kama ninayemtazama mwanafunzi wangu akitengeneza tundu la ulimi wa mlango. Nikamwambia hata aelekeze kisu upande wa pili asije akajikata. Ndiyo, mimi. Nimemsaidia kuniibia.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko pesa. Kazi yangu ni kuchonga kitu kiingie mahali pake. Mlango ukikwama, unapiga randa. Ulimi ukiwa mnene, unapunguza kwa patasi. Kwa hiyo nilipomwona anachonga, akili yangu ilisema huyu ni fundi kama mimi, anajua anachofanya. Haikunijia kabisa kwamba kile kijino kiliwekwa pale makusudi na waliotengeneza betri, ili chaja isiyo yake isiingie. Kilikuwa mlinzi wa mlango, naye akamkata shingo mbele yangu.

Betri ikaingia. Akachomeka kwenye soketi, taa nyekundu ikawaka. "Ikijaa itageuka kijani. Iache mpaka asubuhi, ami, usiwe na wasiwasi." Ile taa ndiyo iliyonimaliza. Siku tatu nilikuwa naitazama chaja iliyokufa haina hata cheche, sasa naona taa.

Na msiniulize kwa nini nilimwamini. Alinipa kahawa. Babake na babangu wamekaa baraza moja tangu tuko wadogo. Aliapa kwa jina la Mungu. Alianza elfu tatu na mia tano, akashuka mpaka elfu mbili na mia nane bila kelele, nami nikaona nimepata. Tena hakunificha kitu, kila alilofanya alilifanya juu ya kaunta. Mtu anayekuficha unamshuku. Huyu alichonga mbele yangu!

Wakati wa kulipa akasema tili yake, ile nambari ya malipo ya duka, imelala, nitume kwa nambari ya simu. Jina lililotokea ni la mwanamke nisiyemfahamu. Akasema ni mke wa kaka yake. Nikatuma. Risiti nikapewa kipande cha karatasi kimeandikwa "kifaa cha umeme", hakina jina la duka wala muhuri.

Usiku ule niliichomeka baada ya Isha, juu ya meza ya chumba cha mbele wanapolala wadogo. Saa nane mama watoto akanitikisa. "Baba, amka, kuna harufu." Harufu yenyewe tamu tamu, kama ya rangi ya kucha. Nikatoka. Betri imevimba, ganda lake limepasuka pembeni, na joto lake unalisikia kabla hujaigusa. Taa bado nyekundu. Nilivuta waya ukutani, nikaikamata ile betri kwa gunia kavu, nikakimbia nayo uani nikaizika kwenye ndoo ya mchanga uliobaki tulipopiga lipu. Ikatoa moshi mchangani humo. Watoto tuliwatoa nje na nguo za kulalia, tukakaa nao kichochoroni mpaka adhana ya Alfajiri.

Sasa fikirini. Nyumba zetu zimegusana ukuta kwa ukuta, dari ni boriti za mikoko, na nyumba za nyuma yangu zimeezekwa makuti. Vichochoro hivi punda wawili wenye mizigo hawapishani, gari la zima moto lipite wapi? Mji ambao UNESCO waliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2001, uje uteketee kwa chaja ya elfu mbili na mia nane! Na watoto wangu wanne wamelala mita mbili kutoka pale mezani. Kila nikifumba macho naiona ile taa nyekundu.

Asubuhi nikampelekea chaja kijana wa jirani, yule anayetengeneza redio. Hakuchukua muda. Alikwangua ile stika yenye 18 kwa ukucha, ikabanduka. Chini yake kuna maandishi ya kiwandani, na ndani yake herufi "Ni-Cd", yaani ni ya betri za nikeli. Akaniuliza, "Ami, betri yako imeandikwa nini?" Betri yangu imeandikwa "Li-ion", yaani lithiamu. Akasema basi, umemaliza.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza nilivyoelewa. Betri yangu ya lithiamu ndani ina seli tano, yaani vibetri vidogo, zimefuatana, kila moja volti 3.6, ndiyo unapata 18. Ikijaa, kila seli inafika 4.2, zote pamoja 21, na hapo chaja yake lazima isimame. Ikipita hapo, seli zinapata joto, zinavimba, zinaweza kuwaka. Zile betri za zamani za nikeli ndani zina seli kumi na tano za volti 1.2, na hizo pia ukijumlisha unapata 18. Nambari ni ileile! Kumi na nane na kumi na nane, lakini ni vitu viwili tofauti. Na hizi chaja za bei rahisi za nikeli hazijui kusimama, zinasukuma tu umeme saa zote utakazoziacha. Aliipima kwa mita ikiwa haina betri, ikasoma 26 na ushei. Ishirini na sita, kwa betri isiyofaa kupita ishirini na moja.

Kisha akanionyesha chaja yangu iliyokufa, ina vyuma vinne vya kugusana na betri. Hii ya huyu bwana ina viwili tu. Vile vingine ndivyo chaja inavyopima joto la betri na kujua kama iendelee au ikatize. Mimi nilikuwa nazo zote mbili kwenye kikapu kimoja, nimezibeba pamoja, na sikuhesabu vyuma.

Nikarudi dukani. Watu wamekaa barazani, wengine wenu mlikuwepo. Hakukana kuniuzia. Alisema, "Mali ikitoka dukani hairudi." Nikamwonyesha stika. Akasema nimeibandua mimi. Nikamtajia kijino alichokichonga. Akanitazama machoni akasema, "Wewe ndiye seremala, ni nani mwenye kisu kati yetu?" Watu wakacheka. Mimi niliyemsomesha mpwa wake kazi! Niliutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, nikajibiwa kwamba zimekwisha kutolewa. Bila shaka zilitolewa kabla sijafika nyumbani.

Mtu huyu aadhibiwe. Sisemi arudishe pesa tu, pesa ni jambo dogo, ingawa betri peke yake ni elfu nne na mia tano na kazi ya Shela imeharibika. Nasema kaunti imnyang'anye leseni. Nasema watu wa KEBS, wale wa viwango vya bidhaa, waje wafungue yale maboksi ya rafu ya juu mbele ya umma, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi waje pia, hiyo ndiyo kazi yao. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za kiwango na za kulinda afya na usalama wake, na kuna Sheria ya Kulinda Wanunuzi tangu 2012, si mambo ya kuomba kwa upole. Na wazee wamwite mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake ni nani aliyebandika zile stika, maana hii haikuwa moja. Niliona kwa macho yangu maboksi sita au saba yamepangwa pale juu. Kila moja linakwenda kwenye nyumba ya mtu. Aliyebandika nambari juu ya maandishi ya kiwanda alijua anaficha nini. Huyo si mfanyabiashara aliyekosea, huyo amewasha kiberiti akakitia kwenye mfuko wa mwenzake.

Mnaotafuta chaja kwa sasa, kwa haraka: someni herufi, si nambari peke yake. Li-ion kwa Li-ion. Ikigoma kuingia, iacheni ilivyo, na akitoa kisu, ondokeni. Hesabuni vyuma. Bandueni stika yoyote iliyobandikwa juu ya maandishi mengine, akikataa mnajua kwa nini. Lipeni kwa tili yenye jina la duka. Na kijana wa redio ananiambia kuna nyingine zinazokuja na mitumba ya Marekani zimeandikwa 120V, na umeme wetu ni 240, hizo zinakufa siku ileile au zinaungua. Msichaji usiku mkiwa mmelala, wala kwenye chumba cha watoto. Angalieni pia kama... lakini mimi mwenyewe sikuangalia lolote kati ya haya, na yule bwana anafungua duka kesho kama kawaida, anauza!

Mwenye chaja nzima ya drili kama ile ya shemeji, yenye vyuma vinne, anikodishie kwa wiki mbili, nitailipia. Betri ya pili ninayo, haikuguswa. Kwa sasa madirisha ya Shela nimeanza kuyapekecha kwa keke la marehemu babu, ile drili ya mkono, tundu moja moja, uta mkononi, na mwenye nyumba anahesabu siku.

Na yeyote aliyeuziwa chaja yenye stika na mtu huyu, asione haya kama nilivyoona mimi. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa Mkunguni, mbele ya ngome, na chaja, stika, karatasi yake, na ndoo ya mchanga yenye betri ndani yake. Kutoka hapo tunakwenda kwa chifu. Aje na yake.