Valvu za 5654, hedifoni tatu na betri ya sola: tathmini yangu kutoka Ilazo, Dodoma

Nianze na hukumu, ili asiye na muda aichukue aende zake. Ukiwa na amplifaya ya bei ya chini inayotumia valvu mbili (vile vichupa vya kioo vya kukuza sauti) za 6J1, badilisha valvu mara moja, weka jozi ya 5654 ya Kimarekani, halafu pesa iliyobaki yote ielekeze kwenye hedifoni. Anayekushauri ununue jozi baada ya jozi ukiitafuta sauti ya peponi anautafuna mshahara wako.

Wenye muda tuendelee.

Mashine yangu imetoka China na inaenea kiganjani. Mbele ina tundu la hedifoni la milimita 6.35 na kitufe cha sauti, nyuma matundu ya RCA, na juu valvu mbili zimesimama wazi bila kifuniko. Nilimpa shilingi 160,000 kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa anauza vitu vyake kabla ya kuhama. Kampuni siitaji, maana mashine za namna hii zinauzwa kwa majina mengi na ukizifungua unakuta sakiti zinazofanana. Ni haibridi: valvu zinakuza volti ya sauti, kisha transista zinachukua kazi ya kuisukuma hedifoni. Kumbukeni hilo, litarudi tukifika kwenye hedifoni.

Ule mwanga wa rangi ya chungwa unaowavutia watu kwenye picha si wa valvu. Ni taa ya LED iliyopachikwa katikati ya soketi, chini ya kioo. Filamenti yenyewe ya 6J1, yaani waya wa ndani unaopashwa moto, inawaka kidogo sana, hadi uzime taa ya sebuleni ndipo uione. Nilimwomba mzee mmoja, fundi wa redio jirani na soko la Majengo, azikate hizo LED. Akacheka. "Mwanangu, ukizitoa hizi, wageni watajuaje kama una valvu?" Nikaziacha.

Kwa nini nahangaika na haya? Mimi ni mhasibu, nashinda ofisini Mtumba na majedwali, nikirudi usiku nataka kusikiliza muziki bila kuwaamsha watoto. Ninachosikiliza zaidi ni dansi za miaka ya 1970 na rekodi za Wagogo: kwaya zao za sauti nyingi, ngoma za muheme za akina mama, zeze na ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba). Na ilimba, kwa maoni yangu, inaipima amplifaya kuliko kinanda au gitaa. Vijiti vyake vya chuma vinatoa mlio safi, lakini kwenye ubao wake huwa kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo unatoa mvumo mkavu kila kijiti kinapopigwa. Mvumo huo ndio utamu wa ala yenyewe. Valvu yenye kelele inaongeza mvumo wake juu ya ule, na asiyeijua ilimba atadhani ndivyo ilivyopigwa. Valvu iliyozubaa inaufuta kabisa, ilimba ikabaki kama kinanda cha kuchezea cha mtoto.

Valvu za Kichina zilizokuja na mashine zilikuwa za aina hii ya pili. Si mbaya kwa taarifa ya habari wala kwa dansi, lakini utando wa buibui haukusikika ila kwa mbali, na zeze lilipoteza ule mkwaruzo wa uta. Isitoshe, ya kulia ililia kwenye hedifoni kila nilipoweka kikombe mezani. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa valvu: vipande vya ndani vikitikisika, mtikiso unageuka umeme, umeme unageuka sauti.

Sasa, nini kinaweza kuingia mahali pake? 6J1 ni pentodi ndogo (valvu yenye elektrodi tano) ya pini 7. Inalingana na 6Zh1P ya Kisovieti, na zote mbili zinalingana na 6AK5 ya Kimarekani, valvu iliyofanya kazi kwenye rada na redio za masafa ya juu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ulaya waliiita EF95. 5654 ni 6AK5 ileile iliyoimarishwa kwa matumizi ya viwandani na kijeshi, idumu na ivumilie mitikisiko. Ukiona imeandikwa JAN, ujue ilitengenezwa kwa viwango vya jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani. Zilitengenezwa kwa wingi, vifaa vyake vikastaafu, na wapiga magitaa hawazigombanii kama wanavyogombania ECC83, valvu ya amplifaya za magitaa. Ndiyo maana hadi leo unapata jozi ambayo haijawahi kutumika kwa bei ya kibinadamu. Yangu, iliyotengenezwa na General Electric, ilinigharimu karibu shilingi 50,000 pamoja na usafiri.

Onyo moja kabla hujaagiza. Utakutana na EF91 na EF92, zenye pini 7 vilevile, na zinaingia kwenye soketi bila kulazimisha. Usiziweke. Mpangilio wa pini ni mwingine: gridi ya skrini, moja ya elektrodi hizo, ambayo kwenye EF95 iko pini ya 6, kwenye EF91 iko pini ya 7. Juu ya hapo filamenti ya EF91 inakula ampea 0.3, wakati 6J1 na 5654 zinakula kama 0.175. Zipo amplifaya, mfano Little Dot MK II na MK III, zenye vidaraja vya kuhamisha ili zikubali familia zote mbili. Hizi ndogo zetu hazina.

Nililinganisha jozi tatu: za Kichina, za Kisovieti 6Zh1P-EV, na 5654W za General Electric. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anabadilisha, mimi nimegeukia ukutani. Ugumu wa jaribio hili ni kwamba lazima valvu zipoe kabla ya kuzichomoa na mpya zipate moto kabla ya kusikiliza, na katika dakika hizo sikio linasahau mengi. Hata hivyo za Kichina nilizitambua kila mara. Za Kisovieti na za Kimarekani nilibahatisha. Zote mbili zilirudisha utando wa buibui, na sauti za akina mama kwenye kwaya zikaachana, kila mmoja na mahali pake. Nikisema 5654 ina ukimya zaidi kati ya noti na noti ninasema kweli, lakini sitaapa mbele ya hakimu.

Basi kwa nini ninawaambia 5654? Kwa sababu kwenye jozi ya Kisovieti, moja ilikuwa na kelele ya kukwaruza, na muuzaji hakujibu ujumbe hata mmoja. Ukipata jozi ya Kisovieti isiyo na kasoro, chukua, hutajuta. Na hapa nitoe njia ya kumtambua mkosaji bila mita wala fundi: valvu moja inahudumia kushoto, nyingine kulia. Ukisikia kelele upande mmoja, zima, acha zipoe, badilishana nafasi. Kelele ikihama, valvu ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, tafuta kwenye soketi au lehemu. Tazama pia ile rangi ya fedha iliyopakwa ndani ya kioo. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na hiyo valvu ni ya kutupa, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni mpya.

Umeme. Adapta ya volti 12 iliyokuja na mashine ilikuwa na mvumo wake, hafifu lakini upo, na ukiweka valvu tulivu ndipo unausikia zaidi. Dawa niliyoipata iko kwenye nyumba nyingi za Dodoma: betri ya sola. Volti 12 za betri hazina mawimbi ya umeme wa ukutani, na umeme ukikatika muziki unaendelea. Lakini kuna hesabu. Filamenti za valvu hizi zinataka volti 6.3 kila moja, na fundi alipofungua mashine yangu tukakuta zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo pamoja zinataka 12.6. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia inatoa karibu kiasi hichohicho. Mchana jua likiwaka na paneli ikichaji, volti zinaweza kupanda hadi 14.4, yaani 7.2 kwa kila valvu, ambayo imepita ile asilimia 10 ya juu au chini ambayo filamenti huvumilia. Usiku hakuna tatizo. Mchana ninarudi kwenye adapta. Kabla hujaiga, mwambie fundi apime yako, kwa kuwa si kila mashine imefungwa hivyo, na zipo zinazotaka umeme wa AC ambazo ukizipa betri hazitafanya kazi sawasawa.

Hedifoni sasa, na hapa ndipo pesa inapofanya kazi.

Nilianza na vile vya kuingiza sikioni vya omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ninavyotumia kwenye daladala. Havifai. Ni vyepesi mno kusukumwa, kwa hiyo kila punje ya kelele ya amplifaya inasikika, ile "ssss" ya chini haiondoki hata muziki ukisimama. Na kwa kuwa unalazimika kukifungua kitufe kidogo tu, unabaki kwenye sehemu ambayo vitufe vya bei nafuu haviko sawa: kushoto kunatangulia, kulia kunafuata. Hakuna valvu ya kuponya hilo.

AKG K240 Studio, omu 55, ndiyo niliyobaki nayo. Haijafungwa kabisa nyuma, masikio yanapumua, jambo la maana mwezi wa kumi na moja Dodoma inapochemka. Waya wake unachomoka, ukikatika hununui hedifoni nyingine. Kitufe kinafika karibu katikati, mahali pande zote mbili zinalingana, na ile "ssss" imetoweka. Sauti za watu na zeze ziko mbele, zina mwili. Besi ya chini kabisa haifiki yote. Pigo la muheme unalisikia lakini halikusukumi kifuani. Mpenzi wa singeli atalalamika. Mimi silalamiki.

Ya tatu ni Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250, niliyoazimwa na dada mmoja anayehariri vipindi vya redio. Niliitaka kwa hamu, kwa sababu kila mahali wanasema hedifoni za omu nyingi na valvu ni mtu na ndugu yake. Mashine iliisukuma, kitufe kikapita nusu. Upana wa sauti ni wa ajabu, kwaya imekuzunguka, na muheme sasa unapiga kweli. Lakini DT 990 ni kali sauti za juu, na ukali huo ulibaki palepale na jozi zote tatu za valvu. Uta wa zeze ulinikata masikio. Wanaosema valvu italainisha hedifoni kali waje na yao tuisikilize pamoja. Pia iko wazi nyuma, na mume wangu aliyelala pembeni alisikia kila wimbo.

Ule undugu wa omu nyingi na valvu una asili yake, na ndiyo sababu niliwaambia mkumbuke neno haibridi. Kuna amplifaya za OTL, ambazo valvu zenyewe zinasukuma hedifoni bila transfoma ya kutolea sauti, mfano Darkvoice 336SE yenye valvu za 6SN7 na 6AS7. Hizo zina ukinzani mkubwa pale zinapotolea sauti. Kanuni wanayoifuata mafundi ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni: amplifaya ya omu 10 itake hedifoni ya omu 80 kwenda juu. Ukikiuka, besi inavimba au inalegea kutegemea hedifoni. Kwa hiyo mwenye OTL anahitaji kweli Sennheiser HD 600 au HD 650 za omu 300, na K240 yangu haitamfaa. Kwenye haibridi kazi hiyo ni ya transista, ukinzani wa kutolea huwa mdogo, na omu 55 zinatosha bila kujitesa.

Vumbi nalipitia haraka. Upepo wa kuanzia mwezi wa saba unaleta vumbi hadi ndani ya soketi. Funika mashine kwa kitambaa ikishapoa, si kabla. Pini zikichafuka, chomoa valvu kwa kuivuta wima bila kuitikisa pembeni, maana kioo hupasuka pale pini inapoingilia, kisha futa kwa spiriti kidogo.

Kwa anayeanza na shilingi 400,000 hivi, ningeanza na hedifoni, mashine iwe ya pili, 5654 za mwisho. Nunua jozi mbili kwa mpigo, kwa sababu usafiri ni uleule na ya pili ni akiba. Kama muziki wako wote unatoka kwenye simu kupitia Bluetooth na hutaki waya, vyote hivi havikuhusu. Na kama unataka kutikisa kuta, tafuta spika.